Adrian Atiman

Adrian Atiman (Tundurma, leo nchini Mali, 1866 hivi – Karema, leo mkoani Katavi, Tanzania, 1956) alikuwa daktari na katekista wa Kanisa Katoliki aliyefanya kazi kwa miaka 67 katika kituo cha misheni cha Karema, kando ya ziwa Tanganyika. Alitekwa utotoni na wafanyabiashara wa watumwa, akavushwa jangwa la Sahara, kisha akanunuliwa na wamisionari nchini Algeria na kulelewa nao. Baada ya kusomea udaktari kisiwani Malta alitumwa Karema, mahali ambapo wamisionari wa shirika hilohilo walikuwa wakiwakusanya na kuwalea watoto waliopatwa na mambo kama yake.

Vitabu humtaja zaidi kama mmoja wa Waafrika wa kwanza kufanya kazi ya udaktari wa kisasa katika bara ya Tanganyika. Upande mwingine wa maisha yake, yaani malezi ya mtoto aliyepotezwa na ndugu zake, hupitiwa kwa haraka. Makala hii inauangalia upande huo zaidi, kwa kuwa bila huo ni vigumu kuelewa kwa nini mtu wa mto Niger alizeekea katika kijiji cha Katavi.

Utoto

Atiman alizaliwa Tundurma, kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu. Mwaka wa kuzaliwa haukuandikwa popote, na 1866 ni makadirio tu. Angali mtoto alitekwa na Watuareg, waliokuwa wakivamia vijiji vya bonde la mto huo na kuuza mateka kwa misafara iliyoelekea kaskazini. Safari ya kuvuka Sahara kwa miguu iliua watu wengi, watoto kwa watu wazima, na waliofika waliuzwa katika masoko ya chemchemi za kusini mwa Algeria. Ufaransa, iliyokuwa imeitawala pwani ya Algeria tangu 1830, ilipiga marufuku utumwa katika makoloni yake mwaka 1848, lakini sheria hiyo haikuwa na nguvu jangwani.

Huko Algeria ndiko Mapadre Weupe (Wamisionari wa Afrika) walikomnunua mtoto huyo katika miaka ya 1870. Neno walilolitumia wao ni kumkomboa. Yote mawili ni kweli: fedha zilitoka mkononi mwa padre zikaingia mkononi mwa mfanyabiashara, na mtoto akatoka katika hali ya bidhaa. Hata hivyo hakurudishwa kwao. Timbuktu ilikuwa mbali mno na njia yake ya hatari. Mwaka 1876 mapadre watatu wa shirika hilo waliojaribu kuifikia waliuawa jangwani. Kwa Atiman njia ya kurudi kwa mama yake ilikuwa imefungwa.

Lavigerie na watoto yatima wa Algeria

Ili kuelewa mahali alipoangukia mtoto Atiman, inafaa kurudi nyuma miaka michache. Charles Lavigerie (1825–1892) aliteuliwa kuwa askofu mkuu wa Algiers mwaka 1867, wakati nchi ikiwa katika njaa kubwa iliyoandamana na kipindupindu. Watoto waliofiwa na wazazi walizagaa barabarani. Lavigerie alianza kuwaokota na kuwatunza, na kabla ya njaa kwisha alikuwa na watoto zaidi ya elfu moja. Ili kupata walezi wa kudumu alianzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868, na la masista mwaka uliofuata. Kwa maneno mengine, shirika lililokuja kueneza Ukatoliki katika maeneo makubwa ya Afrika Mashariki lilizaliwa katika kazi ya kulea yatima.

Kazi hiyo ilileta ugomvi tangu mwanzo. Karibu watoto wote walikuwa wa familia za Kiislamu. Njaa ilipopungua, gavana mkuu wa Algeria, Marshali Mac-Mahon, alitaka watoto warudishwe kwa makabila yao, akihofia pia kwamba Waislamu wangechukizwa. Lavigerie alikataa, akidai kwamba aliyewaokoa na kifo ana haki ya kuendelea kuwalea. Ugomvi huo ulifika mpaka Paris. Ni swali lilelile ambalo mahakama za watoto na maofisa wa ustawi wa jamii wanakutana nalo mpaka leo, kila mtoto anapokuwa na mlezi aliyemwokoa na pia ndugu wanaomdai: mtoto ni wa nani? Mwaka 1868 swali lilijibiwa na watu wawili wakubwa waliobishana, na watoto wenyewe hawakuulizwa.

Vijana hao walipokua, Lavigerie aliwaozesha wao kwa wao na kuwapa mashamba katika vijiji vipya vya Kikristo katika bonde la mto Chélif. Utaratibu huo wa nyumba ya yatima, kisha ndoa, kisha kijiji, msomaji aukumbuke, maana ulisafiri kusini pamoja na wamisionari hadi ziwa Tanganyika.

Malta

Lavigerie alikuwa na mpango mwingine kwa wavulana wachache walioonekana kuwa na akili ya masomo. Aliamini kwamba mganga hupokelewa kila mahali, hata pale ambapo mhubiri hufukuzwa, na kwamba Mwafrika akiwa daktari anaweza kuishi kati ya watu kwa chakula chao na nyumba yao, jambo ambalo Mzungu wa wakati ule aliliweza kwa shida. Kwa hiyo mwaka 1881 alifungua chuo kisiwani Malta kwa ajili ya vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani. Waliishi chuoni na kuhudhuria masomo ya tiba katika Chuo Kikuu cha Malta.

Atiman, aliyebatizwa kwa jina la Adrian, alikuwa miongoni mwao. Alihitimu mwaka 1888 akiwa na umri wa miaka 22 hivi. Chuo chenyewe hakikudumu. Kilifungwa kabla ya karne kwisha, na waliofika Afrika ya kati kutokana nacho walikuwa wachache.

Cheo chao kiliitwa daktari-katekista. Hawakuwa mapadre wala mabruda; walitarajiwa kuoa. Hawakuwa Wazungu, na katika nchi walizotumwa hawakuwa wenyeji pia. Ilikuwa hali ya katikati, isiyo na mfano wa kufuata.

Karema kabla ya Atiman

Karema ni kijiji cha ufukweni mwa ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 100 magharibi mwa mji wa Mpanda, katika nchi ya Wabende. Leo kiko katika wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi. Wakati wa Atiman mji wa Mpanda haukuwepo kama tunavyoujua. Ulikua baada ya madini ya risasi kuanza kuchimbwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na reli kuletwa kutoka Kaliua. Aliyetafuta shule, tiba au fundi wa aina ya Kizungu katika eneo hilo alikwenda Karema.

Kituo kilianzishwa mwaka 1879 na Kapteni Ernest Cambier wa Shirika la Kimataifa la Afrika, lililokuwa chini ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Alijenga ngome juu ya kilima karibu na maji. Miaka hiyohiyo maji ya ziwa yalipata njia ya kutokea magharibi kwa mto Lukuga, ziwa likapungua, na ngome ikabaki mbali na ufuko. Leopold alijaribu pia kuleta tembo wanne waliofunzwa kazi kutoka India ili wabebe mizigo kati ya pwani na ziwa. Wote walikufa, na Waingereza wawili wa msafara huo waliuawa Mpimbwe mwaka 1880, vita vya watawala wa bara vilipowakuta njiani. Habari ya tembo si ya makala hii, lakini inaonyesha nchi ilikuwaje: misafara ya pembe na watumwa ilipita, vijiji vilizungushiwa maboma, na mtoto aliyetoka nje ya boma peke yake huenda asirudi.

Mwaka 1885 Leopold alikuwa amejipatia Kongo na hakuihitaji tena Karema. Aliikabidhi kwa Mapadre Weupe, waliokuwa wamefika ziwani kupitia Ujiji tangu 1879. Mwaka uliofuata alifika Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, ambaye baadaye alivuka ziwa na kulinda vituo vya upande wa Kongo kwa bunduki hadi miaka ya 1890.

Nyumba ya watoto

Ndani ya ngome hiyo na pembeni yake wamisionari walianzisha nyumba za watoto, wavulana mbali na wasichana. Wengi walinunuliwa kutoka kwa wafanyabiashara waliopita njia za ziwani, wengine waliachwa na misafara kwa sababu ya ugonjwa, na wengine walikimbilia misheni wenyewe. Walitoka pande zote za ziwa, Umanyema hadi Ufipa, wakizungumza lugha tofauti. Kiswahili, ambacho kilikuwa lugha ya misafara iliyowaleta, ndicho pia kilichowawezesha kuongea pamoja.

Maisha yalikuwa ya ratiba: sala, mafundisho ya dini, kusoma kidogo, na kazi nyingi za shamba na ufundi, kwa kuwa kituo kilijilisha chenyewe. Walipofikia umri wa kuoana walioana, mara nyingi mvulana wa nyumba moja na msichana wa nyumba ya pili, wakapewa shamba na mahali pa kujenga katika vijiji vilivyozunguka misheni. Utaratibu wa Algeria ulikuwa umehamia Katavi.

Wanahistoria wamejadili sana nyumba hizo, na hoja za kila upande zina uzito. Kwa upande mmoja, bila misheni watoto wale wangeuzwa mbele zaidi au kufa njiani. Mtoto aliyeokotwa akiwa na vidonda vya kamba shingoni hakuwa na mlezi mwingine wa karibu. Kwa upande mwingine, fedha za kukomboa zilimfanya mfanyabiashara apate mnunuzi mpya, na baadhi ya wamisionari wenyewe walitilia shaka jambo hilo. Tena waliokombolewa hawakuwa huru kwenda watakako. Misheni ilikuwa mlezi wao, mwenye ardhi yao na hakimu wao, na aliyetoroka alifuatwa. Kwa macho ya Wabende na Wafipa jambo hilo halikuwa geni: mtu asiye na ndugu hujiweka chini ya mkubwa anayemlinda, na mapadre walionekana kuwa machifu wa aina mpya wenye watu wao.

Kwa mawazo ya mwandishi wa makala hii, neno la kuzingatia hapo ni ukoo. Njaa ya mtoto ilitibiwa kwa chakula na homa yake kwa dawa, lakini katika nchi ambamo mtu hutambulishwa kwa kuulizwa yeye ni wa nani, mtoto wa misheni hakuwa na jibu zaidi ya kutaja misheni. Hata mahari yake ilitolewa na kupokelewa na mlezi mmoja.

Daktari wa Karema

Katika mazingira hayo ndipo alipofika Adrian Atiman mwaka 1889, baada ya safari ya miezi mingi kupitia Zanzibar na njia ya misafara ya bara. Alikuwa ameondoka pwani mwaka uleule ambao vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilianza. Waliokuwa wakimpokea ni watoto waliotekwa kama yeye, wakilelewa na shirika lililomlea yeye. Pengine hakuwepo mtu mzima mwingine kituoni aliyejua kwa mwili wake maana ya kutembezwa kifungoni na kuuzwa.

Tofauti na vijana waliokulia Karema, Atiman hakuoa msichana wa nyumba ya yatima. Alimwoa Agnes, binti wa Kibende wa ukoo wa kitawala. Ndoa hiyo ilimpa kile ambacho misheni haikuweza kumpa, yaani wakwe na mashemeji, na jina katika nchi. Tangu hapo hakuwa tu mtu wa mapadre. Mgonjwa wa kijiji cha mbali aliyeogopa ngome aliweza kumwendea kwa kupitia undugu wa mkewe. Mtoto wao Yosefu alikuja kuwa padre, miongoni mwa mapadre Waafrika wa mwanzo katika eneo hilo.

Kazi yake ilikuwa ya kila siku na ya aina zote. Alitibu homa na vidonda, alipasua, aliunga mifupa, na alisafiri kuwafuata wagonjwa. Dawa za Ulaya zilichelewa kufika na ziliisha mapema, hivyo alijifunza pia miti ya dawa ya wenyeji na kuitumia pamoja na alichofundishwa Malta. Wenye elimu ya chuo wa wakati wake waliozidharau dawa hizo walikuwa wengi. Pamoja na udaktari alifundisha dini, kama cheo chake kilivyodai.

Miaka aliyofanya kazi ilikuwa ya magonjwa mengi. Funza, waliovuka bara la Afrika kutoka pwani ya Atlantiki katika robo ya mwisho ya karne ya 19, walifika ziwani na kulemaza miguu ya watu wasiojua kuwatoa. Ndui ilirudi mara kwa mara. Mapema katika karne ya 20 malale yalienea ufukweni, yakawa tishio kubwa kuliko mengine. Serikali ya Wajerumani ilifungua kambi za wagonjwa, na baadaye serikali ya Waingereza ilihamisha watu wengi wa eneo ambalo leo ni Katavi na kuwaweka katika makazi ya pamoja mbali na mbung'o. Ugonjwa wa aina hiyo huzalisha yatima kama vita inavyofanya, na mapori makubwa ya Katavi ya leo, hata yaliyo ndani ya hifadhi ya taifa, kwa sehemu ni mashamba yaliyoachwa na watu waliohamishwa.

Wakati huo biashara iliyojaza nyumba za watoto ilikuwa inakauka. Wajerumani walipoimarisha vituo vyao Ujiji na Kasanga katika miaka ya 1890, misafara ya watumwa ilikwisha kidogokidogo. Utumwa wenyewe ulichelewa kufutwa: amri ya Kijerumani iliwaacha huru watoto waliozaliwa baada ya mwaka 1905, na sheria ya Kiingereza ikaumaliza mwaka 1922. Watoto walioendelea kupokelewa Karema walikuwa zaidi wale waliofiwa na mama wakati wa kujifungua au waliokosa wa kuwalea kwa sababu ya maradhi. Malezi yao yalizidi kushikwa na masista, kwanza Masista Weupe na baadaye masista Waafrika wa shirika lililoanzishwa hukohuko Karema wakati wa Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza jimbo hilo kuanzia 1891 hadi 1917.

Utawala ulibadilika, maaskofu walipishana, na vita vikuu viwili vilipita. Atiman alibaki palepale. Waliozaliwa mikononi mwake walimletea wajukuu wao wawatibu.

Uzeeni na baadaye

Akiwa mzee aliandika habari za maisha yake, nazo zilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Ni moja ya kumbukumbu chache zilizoachwa na mtu aliyewahi kuuzwa utotoni na kusimulia mwenyewe, na kwa hiyo hutumiwa sana na wanahistoria. Kanisa na serikali vilimpa nishani kwa utumishi wake.

Adrian Atiman alifariki Karema mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka 90 hivi. Mali ilikuwa bado koloni la Ufaransa, na Tanganyika ilikuwa na miaka mitano kabla ya uhuru. Kitabu cha Kifaransa juu yake, kilichoandikwa na Roger Fouquer, kilitolewa mwaka 1964.

Makao ya askofu yalihamia Sumbawanga, na jimbo la Karema likabadilishwa jina kufuata mji huo. Mwaka 2000 eneo la kaskazini lilifanywa jimbo jipya la Mpanda, na mwaka 2012 serikali iliutenga mkoa wa Katavi kutoka mkoa wa Rukwa. Majengo ya misheni ya zamani, pamoja na mabaki ya ngome ya Cambier, bado yapo Karema.

Kuhusu watoto, utaratibu wa nchi umebadilika kabisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua makao ya watoto, malezi ya kambo na kuasili, lakini inatanguliza haki ya mtoto kuishi na wazazi au ndugu zake, na inataka ofisa wa ustawi wa jamii na mahakama wahusike kabla mtoto hajawekwa kwa mlezi mwingine. Maoni ya mtoto mwenye uwezo wa kujieleza yanatakiwa kusikilizwa.

Jina la Atiman liko Dar es Salaam pia, ambako nyumba ya Wamisionari wa Afrika inaitwa Atiman House.